Aliyewaita kwa Majina

Ukiwauliza watu wa mto waliokaa Kisangani miaka ile, tangu uhuru mpaka vita ya Simba, watakutajia wakubwa wengi waliopita na magari yao na ahadi zao. Timothée Bolamba hawatamtaja upesi. Si kwamba wamemsahau. Wanamkumbuka vizuri mno, na ndiyo maana hutazama mto kwanza kabla ya kusema lolote juu yake.

Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye mikono mikubwa kupita mwili wake. Kwao ni Yanonge, lakini tangu ujana alikaa mjini na kazi yake ilikuwa kupiga lokole pale libongo, chini ya soko, mahali mitumbwi ya wavuvi na wachuuzi inapofikia. Lokole ni gogo la mti mwekundu lililochimbwa tumbo na kuachiwa mdomo mwembamba juu, kama sanduku la barua. Upande mmoja wa mdomo una sauti nzito na wa pili una sauti nyepesi. Mgeni akilisikia, husikia kelele. Mtu wa mto husikia maneno: boti ya Basoko inafika kesho, samaki ni wengi Isangi, nyumba ya fulani ina msiba. Mpigaji wa libongo humfikia mpigaji wa kijiji kinachofuata, naye humpasia wa mbele, na kabla sufuria ya mchana haijateremshwa, neno lililotoka Kisangani liko Yanonge. Serikali ilikuwa na posta na telefoni. Watu wa mto walikuwa na Timothée, na yeye hakuwahi kukatika waya.

Kwenye lokole mtu haitwi Berthe wala Édouard. Ana jina lake la gogo, refu, alilopewa na baba yake, ambalo hakuna mwingine aliye nalo kuanzia Kisangani hadi Basoko. Berthe, mke wa Timothée, aliitwa mwanamke wa siku mto ulipofurika, asiyekubali kushikwa mkono. Na kweli hakukubali. Timothée alimposa miaka miwili kabla hajaambiwa ndiyo, na hata baada ya ndoa alikuwa akimtania kwamba bado anangoja jibu.

Baba yake alimwachia vijiti vya kupigia, na pamoja navyo amri moja. Habari unaweza kuipiga kwa watu wote, nayo ikienda imekwenda. Lakini ukimwita mtu kwa jina lake la gogo, umembeba. Lazima usimame libongo mwenyewe, umpokee, umpe maji, na usiondoke mpaka ajue alichoitiwa. Kwa sababu hiyo Timothée alikuwa bahili wa majina. Mwaka mzima ungepita hajaita watu watano.

Uhuru ulipokuja, watu walicheza siku tatu, kisha mambo yakaharibika. Askari wakawageukia wakubwa wao, wazungu wakakimbilia uwanja wa ndege, maduka yakafungwa. Ndipo wakaja wale askari wa kofia za buluu, kutoka nchi ambazo Timothée hakuwahi kusikia majina yake. Pamoja nao alikuja mzungu mmoja aliyeitwa Delvigne, mtu wa baraza fulani la upatanishi huko Ulaya. Alikuwa mwalimu zamani. Alivaa viatu vya turubai vilivyochakaa, alikula pondu, yale majani ya muhogo, na samaki wa moshi bila kukunja uso, na alijifunza Kingwana, Kiswahili cha huku, haraka kuliko mapadri. Alimtafuta Timothée mwenyewe, akakaa juu ya kreti ya bia tupu, akamweleza kwamba dunia imeamua jambo jipya. Zamani nchi kubwa zilituma majeshi kupiga. Sasa zimetuma jeshi kuzuia kupigana. Hawa askari hawana adui hata mmoja.

Timothée aliipenda habari hiyo. Ni nani asingeipenda? Aliipiga siku mbili, habari ya watu wote, isiyo na jina la mtu: wageni wenye kofia za buluu hawapigi mtu, njooni sokoni. Watu wakaja, na kwa miezi mingi ilikuwa kweli. Wanawake wa Isangi waliwauzia askari wale ndizi na mayai, na askari mmoja alimpa Viviane, binti wa Timothée aliyekuwa mtoto mdogo, filimbi ya bati.

Lakini siku moja ya mwaka uliofuata, Édouard, aliyemwoa Françoise, mdogo wake Berthe, alikuwa akishusha mzigo libongo. Askari wa mjini wakaitaka redio yake. Alikataa. Wakampiga kwa vitako vya bunduki mpaka akaacha meno mawili kwenye matope. Hatua ishirini tu kutoka hapo walikuwa wamesimama watu wanne wa kofia za buluu, bunduki mabegani. Ofisa wao alitoa daftari akaandika.

Jioni ile Timothée alikwenda kwa Delvigne.

"Sababu gani habakumusaidia?"

"Habana ruhusa ya kutumia nguvu, Timothée. Kama banapiga mutu moja, kesho banakuwa na adui, na kazi yote inakufa."

"Alors, bunduki banabeba ya nini?"

Delvigne alijibu kwa muda mrefu. Alisema amani ni kama mtoto anayejifunza kutembea, na mengine mengi mazuri. Timothée aliondoka akiwa na mioyo miwili: mmoja uliosadiki maneno, na mmoja uliokuwa umeona meno ya shemeji yake. Mimi nasema wazi, ningekuwa yeye ningeachana na mzungu yule jioni ile ile. Timothée hakuachana naye. Alimwona mtu anayesema kweli, na kwa hilo hakukosea. Delvigne hakuwahi kumdanganya, na ubaya wote uliofuata ulipita kwenye mdomo wa mtu asiyedanganya.

Kofia za buluu ziliondoka. Mwezi wa nane wa mwaka sitini na nne Simba wakauchukua mji, na wakubwa wa serikali wakakimbia. Simba walikuwa vijana waliopakwa dawa na kuahidiwa kwamba risasi zitageuka maji. Wao nao walikuwa na ndoto yao ya nchi bila dhuluma, na wao nao walianza kwa kuua makarani mbele ya watu. Wazungu wote wakakusanywa mahotelini, wakaambiwa kwamba wakija askari wa kigeni, watakufa wao kwanza. Delvigne alikuwa miongoni mwao, ila aliruhusiwa kutembea na mlinzi, kwa kuwa ndiye aliyepeleka barua na kurudisha majibu.

Upande wa mto walioumia walikuwa wengine. Ndege za serikali, zikiendeshwa na wageni wa kukodiwa, zilipita chini chini na kufyatulia kila mtumbwi na kila paa. Vijiji vikahama. Berthe alimchukua Viviane, Françoise na Édouard wakafuata, na ukoo karibu wote ukaingia porini nyuma ya Yanonge. Walibeba hata lokole lao. Timothée alibaki mjini kwa amri, maana Simba walitaka mpigaji. Kwa miezi mitatu hakumwona mkewe wala mtoto. Kila siku alipiga habari za Simba, na mwishoni, kwa hila, aliongeza kipigo kimoja kidogo ambacho Berthe peke yake angekielewa: niko mzima.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja Delvigne alikuja libongo na mlinzi wake. Alikuwa amekonda, shati limekuwa kubwa, lakini macho yake yalikuwa na furaha.

"Timothée, niko na lazima ya lokole yako. Batu ya muto barudi. Soko ifunguke."

"Na ndege?"

"Ndege hazitapiga tena. Banasemezana. Kule Nairobi, batakaa kwa meza moja, batu ya serikali zetu na batu ya Simba. Colonel ya Simba hapa iko tayari. Kama inchi zote zinaona mujini iko kimya, soko iko na samaki, bamama banauzisha, basi hakuna mutu atakuwa na sababu ya kuleta jeshi."

"Ni nani anakuambia?"

"Nimesikia kwa radio na masikio yangu. Barua iko pia."

Timothée alitazama gogo lake. Alijua habari ya kawaida haitatosha. Watu walikuwa wamesikia habari nyingi mno tangu uhuru. Ili watoke porini ilibidi waitwe mmoja mmoja.

"Bale batu nitabaita kwa majina," akasema. "Unaelewa ile maana yake?"

"Ulishanielezea."

"Bon. Unanipa neno yako?"

"Ninakupa neno yangu," Delvigne akasema, na machozi yakamlengalenga. Aliamini, maskini. Alikuwa na kiu ya kuamini kuliko hata Timothée, ambaye alitaka tu kumwona mtoto wake.

Jumamosi alfajiri Timothée alipiga. Alianza kwa jina lake mwenyewe, kama ilivyo kawaida ya wapigaji, ili kila msikilizaji ajue ni nani anayebeba dhamana. Kisha akaita. Aliita Édouard na Françoise. Aliita Angélique, muuza samaki mwenye sauti ya kuamsha soko zima. Aliita wazee wawili waliofundishwa pamoja na baba yake. Aliita nyumba kumi na sita, na wa mwisho akamwita mwanamke wa siku mto ulipofurika. Mikono ilivimba. Jua lilipokuwa kichwani, jibu likaja kupitia kambi moja hadi nyingine: tumesikia, tunakuja.

Walifika Jumatatu, mitumbwi tisa kwa mstari. Timothée alisimama majini hadi magotini akampokea kila mmoja, akampa maji kwa kikombe chake mwenyewe. Alicheka, alilia, hakuona haya. Berthe hakuwamo. Françoise alimweleza kwamba Viviane alikuwa na homa kidogo, na kwamba Berthe alisema hawezi kumtia mtoto kwenye baridi ya mto kwa sababu mume amemkumbuka ghafla.

"Anasema Alhamisi atakuya," Françoise akasema. "Unamujua. Hapendi kukokotwa."

Timothée alikasirika kidogo, kama mume yeyote. Kikundi kile kilipika libongo, kikatandika mikeka kando ya mitumbwi. Walikuwa wachangamfu kama watu waliokwenda arusi.

Jumanne asubuhi mapema ndege zilikuja. Hazikuja kufyatua. Zilipita juu ya uwanja wa ndege, na mbingu ikajaa miavuli iliyobeba askari wa kigeni. Timothée hakuwa ameona kitu kile maishani. Muda mfupi baadaye bunduki zikaanza kulia mjini. Simba waliwatoa wazungu barabarani na kuwafyatulia, wanawake na watoto pia, kama walivyoapa. Wale wa miavuli wakafika mbio, wakawanasua waliobaki. Siwezi kusema askari wale hawakuokoa mtu. Waliokoa wengi, na mama aliyerudishiwa mtoto wake siku ile ana haki ya kuwaombea mpaka kufa. Ila walikuja kwa ajili ya watu fulani, na watu wa Timothée hawakuwa kwenye hesabu hiyo.

Asubuhi nzima watu wa mto walilala chini nyuma ya meza za soko. Hakuna aliyewagusa. Lakini kabla ya adhuhuri jeshi la serikali likaingia kwa barabara pamoja na mamluki wake, na hilo halikuchagua. Lilifyatua kushoto na kulia, nyumba kwa nyumba. Sauti ikasogea sokoni.

Mtu wa bara akitishwa hukimbilia nyumba, au shamba, au kanisa. Mtu wa mto hukimbilia maji. Hafikirii. Tangu mababu, shari ikitoka bara, unasukuma mtumbwi, na ukiwa katikati ya mto umepona. Babu zao waliwakwepa hivyo wakamata watumwa, na baba zao wakawakwepa hivyo walinzi waliolazimisha watu kugema mpira wa mitini. Édouard alikuwa wa kwanza kunyanyuka. Hakuna aliyembishia, na Timothée hakubisha. Yeye naye ni mtu wa mto. Aliingia majini, akaweka kifua kwenye mkia wa mtumbwi wa Françoise, akausukuma kwa nguvu zake zote mpaka ukashika mkondo.

Askari waliofika libongo walikuwa wageni wa mto ule. Kwa wakati huo huo Simba nao walikuwa wakivuka kukimbilia ukingo wa kushoto. Kwa macho ya askari, kila aliyekuwa majini alikuwa Simba. Waliweka bunduki kubwa juu ya ukuta wa gati, wakafyatua bila haraka, mtumbwi baada ya mtumbwi. Timothée alikuwa amejibana chini ya ubao wa gati, maji shingoni, na aliona yote. Alimwona Édouard akisimama na kupunga kofia yake ili waone kwamba ni raia. Alimwona Françoise akimvuta aketi.

Angélique peke yake aliogelea akafika ng'ambo. Wengine mto uliwapeleka, na waliotupwa ukingoni siku zilizofuata Timothée aliwazika kwa mikono yake.

Siku ya pili malori yalipita yakipeleka wazungu uwanja wa ndege. Moja lilisimama karibu na soko kwa sababu ya msongamano, na Delvigne alikuwamo, kichwa kimefungwa bandeji. Aliposhuka, askari alimfokea, lakini alishuka hata hivyo.

"Timothée. Sikujua."

Timothée alimtazama kwa macho makavu. "Balikuwa banasemezana kweli kule Nairobi?"

"Kweli. Hata juzi bamesemezana."

"Na ndege?"

"Ndege zilikuwa zinangoja. Siku mingi zilikuwa tayari."

"Donc, maneno ilikuwa ya nini?"

"Bengine betu tuliamini. Ninakuapia, tuliamini."

"Nyiye mulikuwa munaamini," Timothée akasema. "Mimi niliita batu."

Askari akamshika Delvigne mkono, akamrudisha juu ya lori. Timothée hakumwona tena. Alichukua vijiti vyake akavitia chini ya kitanda, na kwa miezi minane gogo la libongo likawa mahali pa kuku kulala.

Mji ukatulia taratibu, kama mji unavyotulia baada ya kuchoka. Pori halikutulia. Simba waliosalia walikuwa huko, na maelfu ya raia kati yao, wakila mizizi, bila chumvi, bila nguo. Askari wa doria waliufunga mto chini ya mji. Kapiteni mpya wa gati, kijana mpole kutoka Kasai, alimwendea Timothée mara tatu amwombe apige lokole ili raia watoke. Mara tatu Timothée alimjibu kwamba ameshasahau kupiga. Kapiteni hakumlazimisha.

Mwezi wa saba Angélique akatokea mjini, amekuwa mifupa, miguu ina vidonda. Alikuwa ametoka kambi ya akina Berthe, akapita porini wiki mbili kutafuta chumvi, akakata shauri asirudi, kwani Simba walimuua kila aliyetoka mjini kwa kumdhania jasusi. Timothée alimpa chakula, akangoja ale kwanza.

"Berthe iko muzima," Angélique akasema. "Lakini Viviane, papa, mutoto iko mubaya. Amevimba miguu na uso. Anakohoa. Kama anabaki kule mwezi mbili, atakufa."

Hapo Timothée alifanya kile ambacho hakukifanya mara ya kwanza. Hakuchukua neno la mtu. Alikwenda zahanati ndogo ya karibu na soko, kwa muuguzi Asumani, mtu wa familia za Waislamu wa mjini, akamwomba amwonyeshe dawa kwa macho. Asumani alifungua kabati, akamwonyesha makopo ya maziwa ya unga na chupa za sindano, akamwambia ugonjwa huo anautibu kila siku. Alimpeleka hata chumbani aone watoto waliokuja wamevimba na sasa wanacheza.

Kisha akaenda kwa kapiteni.

"Kama batu bakifika, ni nani atakuwa libongo?"

"Unataka nani awe?"

"Mimi peke yangu. Askari bapande juu, kwa barabara. Bunduki isionekane."

Kapiteni alikubali, akawapandisha askari wake siku ile ile. Timothée bado hakuridhika. Alikaa libongo wiki nzima, akatazama mitumbwi ya ukingo wa kushoto ikija na kuondoka. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyenyang'anywa hata kuku. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, kilichosemwa na kilichokuwepo vilikuwa kitu kimoja.

Akawafukuza kuku, akalisafisha gogo, akapiga. Alipiga jina lake, kisha jina la Berthe, kisha: njoo na mtoto, dawa ipo, nimeona kwa macho yangu, ninakungoja mimi. Alipiga siku tatu, asubuhi na adhuhuri. Hakuita mwingine yeyote. Mikono ilipasuka, akaifunga vitambaa, akaendelea.

Hakukuja jibu. Wala lile la kawaida la kusema tumesikia.

Siku ya sita alimwomba kapiteni ruhusa ya kupita doria, akapewa karatasi, akashuka na mtumbwi peke yake, roho mkononi. Angélique alikuwa amemwelekeza vizuri. Alikuta vibanda vitupu. Majivu yalikuwa baridi na nyasi zimeanza kuinuka kwenye njia. Lokole la ukoo lilikuwa pale katikati, limepasuliwa kwa shoka vipande vitatu, ili asije akatokea mtu akajibu. Nyayo zilielekea ndani zaidi, upande wa Lomami, kule hata Simba wenyewe hawakupenda kukaa. Alizifuata siku mbili mpaka mvua ikazifuta.

Berthe alitoka mwanzo wa mwaka uliofuata, pamoja na kundi la watu waliotembea kutoka pande za Opala mpaka ukingo wa kushoto. Habari ilimfikia Timothée akiwa sokoni. Alivuka mara moja. Alimkuta ameketi chini, kando ya ukuta wa stesheni ya reli, amefunga kipande cha gunia kiunoni, kifurushi kidogo mapajani. Alikuwa peke yake. Timothée alitazama nyuma yake, kushoto, kulia, ingawa alikwisha kuelewa. Akakaa karibu naye.

Walikaa vile bila kugusana.

"Lini?" hatimaye Timothée akauliza.

"Mwezi ya kumi. Mvua ilikuwa mingi. Alilala tu."

Timothée alilia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya abiria. Berthe hakulia. Alikuwa amemaliza zamani. Alipotulia, Timothée akamwuliza lile ambalo alikuwa amelibeba tangu siku ya vibanda vitupu.

"Mulisikia nilikuita?"

"Tulisikia. Siku zote tatu. Viviane njo alisikia wa kwanza. Aliamuka kwa mukeka akasema, papa iko natuita."

"Na weye?"

"Nilimwambia hapana. Nilimwambia, ile haiko papa yako. Ile ni bunduki iko kwa kichwa ya papa yako." Alikaza fundo la kifurushi. "Angélique alituambia namna Françoise alikufa. Nikasema, bamemukamata tena, banamupigisha kwa nguvu. Mimi njo nilipasua lokole. Njo niliambia batu bafunge mizigo."

Timothée akamwambia hakukuwa na bunduki. Alimwambia taratibu, jambo moja baada ya jingine: kabati la Asumani, makopo ya maziwa, wale watoto waliokuwa wakicheza, askari waliopandishwa barabarani, wiki nzima aliyokaa akichunguza. Alimweleza kila kitu kama mtu anayetoa ushahidi. Berthe alimsikiliza mpaka mwisho, akimtazama usoni, na ilionekana wazi kwamba anamsadiki.

"Ningejua namna gani?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kweli kujua. Timothée akachukua kile kifurushi, akamsaidia kuinuka, naye Berthe akakubali kushikwa mkono, wakashuka kwenda kutafuta mtumbwi wa kuvuka.